Vibati Mia Tatu

Tarehe 4 Februari

Mwanangu, kitinda mimba,

Umenishtaki kwamba kwenye simu nasema "salama" halafu nakata. Nakubali kosa. Simu ya bwenini iko ukutani, nyuma yangu kuna watu wanane wanaohema, na mtu hawezi kusema la maana huku anahemewa. Haya, tuandikiane kama ulivyotaka. Niliishia darasa la tano na unalijua hilo. Ukikuta neno limepinda, linyooshe mwenyewe.

Uliuliza nafanya nini hasa. Nabeba vigae. Maboksi arobaini hufungwa pamoja juu ya fremu ya mbao, na huo ndio mzigo mmoja, uzito wake kama gari dogo. Tunausukuma kwa toroli la chuma. Ghala limejengwa kwenye mteremko, kwa hiyo malori hurudi kinyumenyume mpaka kwenye milango ya ghorofa ya juu. Iko minne, na kila mmoja unaingiza na kutoa. Chini ya sakafu hiyo kuna chumba cha kufungasha, wanawake kumi na wawili na meza ndefu, na pembeni yao karakana ya Fundi Toroli, tunayelala naye chumba kimoja na ambaye koromo lake ningekutumia kama lingeingia kwenye bahasha. Aliyejenga ghala aliandika ukutani kwa rangi nyekundu: MIZIGO 400, BASI.

Kwa hiyo katikati ya ghorofa kuna ubao wa chaki. Ukiingiza mzigo unaongeza moja, ukitoa unapunguza moja. Zamani ulikuwa wazi. Siku moja wabebaji wawili walifika pamoja, huyu akasoma 212, na yule akasoma 212. Huyu akafuta akaandika 213, na yule akafuta akaandika 213. Mizigo miwili imeingia, ubao umeona mmoja. Tulipohesabu kwa vidole mwisho wa mwezi tulikuta mizigo ishirini ambayo ubao haujawahi kuisikia. Ndipo tukauzungushia wavu wa chuma na kufuli, ufunguo mmoja, mtu mmoja kwa wakati. Mimi ndiye niliyepewa kuushika, kwa sababu namba zangu zinasomeka.

Tangu hapo hesabu haijakosea hata mara moja. Lakini foleni! Watu wanasimama na toroli zao kama wanasubiri daktari. Mwenye ghala ana msimamizi tunayemwita Chapuchapu, na Chapuchapu ametoa amri: foleni isipokwisha mwezi huu, ubao unang'olewa, tutakadiria kwa macho. Kwa macho, mama! Na chini kuna watu.

Sitaki ubao ung'olewe. Piga ua, sitaki. Wewe unayekaa na kompyuta, huko kwenu watu wengi wakigombea ubao mmoja mnafanyaje?

Baba yako


Tarehe 13 Februari

Baba,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa kazini nikacheka mpaka mwenzangu akageuza kiti. Kisha nikaacha kucheka, maana umeandika kazi yangu bila kujua.

Najua ukiulizwa unasema "anatengeneza kompyuta". Sasa utasema vizuri zaidi. Chini ya programu zote kuna programu moja kuu inayogawa kila kitu, tunaiita kerneli. Moja ya kazi zake ni kugawa kumbukumbu ya mashine, yaani nafasi ya kuweka mambo yanayoendelea. Nafasi hiyo hukatwa vipande sawa tunavyoviita kurasa. Mashine moja hutumiwa na makundi mengi ya programu, na kila kundi lina kikomo chake: kurasa kadhaa, basi. Kwa hiyo lazima kuwe na ubao unaosema kila kundi limechukua kurasa ngapi.

Sasa wabebaji wetu ni prosesa, zile sehemu za mashine zinazopiga hesabu. Mashine ninayoandikia ina prosesa mia moja ishirini na nane, na zote hufanya kazi kwa wakati mmoja. Zikisoma 212 pamoja zitaandika 213 pamoja, kama hao wako. Kwa hiyo nasi tuna kufuli. Prosesa iliyolikuta limefungwa haikai chini kupumzika, inasimama pale pale ikitikisa kufuli mpaka lifunguke. Hebu fikiria mia moja ishirini na nane zinatikisa kufuli moja. Wateja wamelalamika, na wakubwa wangu nao wana Chapuchapu wao: wanasema tukishindwa, hesabu izimwe, kila kundi lichukue linavyotaka.

Nimepewa kazi hiyo ndiyo iwe kipimo changu. Na nimeshapata njia. Kila prosesa iwe na kijitabu chake pembeni. Kijitabu hakihitaji kufuli, maana mwenye kuandika humo ni mmoja tu. Kikifikisha kurasa thelathini na mbili, ndipo prosesa iende kwenye ubao mkuu mara moja na kuongeza thelathini na mbili kwa mpigo. Foleni inakufa.

Fanya hivyo hivyo, Baba. Weka kijitabu kila mlango, na wakifikisha mizigo kumi ndipo waje kwako.

Kitinda mimba wako


Tarehe 25 Februari

Mwanangu,

Marahaba, na tena marahaba. Nimefanya.

Nilikata daftari moja mara nne kwa msumeno wa Fundi, nikatoboa tundu, nikafunga kila kipande mlangoni kwa kamba. Kwa kuwa wewe ni msomi na mimi ni mwoga, niliongeza la kwangu. Niliwaza hivi: mlango unaweza kuwa na mizigo tisa kijitabuni ambayo ubao haujaisikia. Tisa mara nne ni thelathini na sita. Basi nikaandika kwa chaki kubwa juu ya ubao: UKIFIKA 360, SIMAMA. Hapo hata ubao ukidanganya kwa nguvu zake zote, hatufiki mia nne.

Foleni imekwisha kabisa. Chapuchapu alikuja na saa yake mkononi, akasimama dakika ishirini akitafuta mtu wa kumkemea, akakosa, akaondoka amenuna. Fundi Toroli ananiita Profesa. Jana kaniambia, "Profesa, toroli namba sita linalia, lisomee kitu." Nimemwambia alipake grisi na aniache.

Wanawake wa kufungasha hawajui chochote kuhusu haya, wanafunga maboksi tu na kubishana redio iwekwe stesheni gani. Ninapopita kwenda chooni nawaona na roho inatulia. Ni vizuri kuwa na watu chini yako wasiojua kwamba unawahesabia.

Mgongo unauma kama kawaida. Wewe je, unakula?

Baba yako


Tarehe 6 Machi

Baba,

Nakula. Nimevimba kichwa pia, ila hilo ni la wiki hii tu.

Vijitabu vyangu vimepimwa. Kazi iliyochukua dakika sasa inachukua sekunde nne. Wenzangu wamenipongeza, mmoja kanitengenezea chai, na huyo hajawahi kumtengenezea mtu chai. Aliyebaki ni mama mmoja mtu mzima anayelinda sehemu ile ya kerneli. Hakuna mstari unaoingia humo bila yeye kuusoma. Tunamwita Shangazi kwa sababu anakemea kama shangazi wa kila mtu. Alisoma yangu yote, akavua miwani, akauliza jambo moja: "Ubao wako unaweza kudanganya kwa kiasi gani?"

Nikamwambia, "Kidogo tu."

Akasema, "Kidogo si namba, binti." Kisha akaniachia niendelee na majaribio. Mashine kubwa itakuwa huru mwisho wa mwezi. Nadhani anapenda tu kukosoa.

Kitinda mimba wako


Tarehe 20 Machi

Mwanangu,

Mimi salama. Mwandiko usikusumbue, naandikia magotini.

Nakuuliza jambo moja na nataka unijibu kwa namba. Kompyuta yako ina milango mia moja ishirini na minane. Kila mlango unaweza kuficha ngapi kijitabuni? Zidisha. Kisha tazama kikomo cha kundi lako dogo kuliko yote ni ngapi.

Sisi hapa tulikuwa na milango minne. Mwanzoni mwa mwezi huu Chapuchapu alifungua mingine minane iliyokuwa imepigwa mbao, kwa sababu ya mizigo ya msimu. Nami niliitobolea vijitabu vyake vinane, nikavifunga kamba vizuri.

Zidisha kabla hujaendelea. Usiseme kidogo.

Baba


Tarehe 29 Machi

Baba,

Shikamoo.

Nimezidisha. Kila prosesa huweza kuficha kurasa thelathini na moja. Mara mia moja ishirini na nane ni elfu tatu mia tisa sitini na nane. Kundi letu dogo lina kikomo cha kurasa elfu moja. Yaani kundi lililoruhusiwa elfu moja linaweza kuchukua karibu elfu tano, na ubao ukaapa kwamba halijafika hata elfu.

Sikungoja mwisho wa mwezi. Nilimwomba Shangazi mashine kubwa kwa saa moja tu. Nikaweka makundi madogo mia tatu, nikayaamuru yote yachukue kurasa kwa pamoja. Ubao ulionyesha kila mtu yumo ndani ya kikomo chake. Mashine ikaishiwa na kumbukumbu mbele ya macho yangu. Kerneli ikiishiwa huanza kuua programu ili iokoe zilizobaki, na ilianza na kundi ambalo halikuwa na kosa lolote. Nimesimama pale nikitazama majina yakizimika moja baada ya jingine. Yalikuwa majaribio, hakuna aliyeumia. Lakini ingekuwa mashine ya mteja, ingekuwa ni mimi niliyeua.

Nimeiondoa kazi yangu kwa mkono wangu. Nimemwandikia Shangazi kwamba narudisha kufuli la zamani. Na wewe, tafadhali, rudisha foleni yako. Tisa mara kumi na mbili ni mia moja na nane, Baba. Mia tatu sitini na mia moja na nane ni mia nne sitini na nane. Ni mimi niliyekupa dawa bila kukwambia kipimo.

Sasa zamu yangu kuuliza. Tangu nikiwa mdogo "y" yako ina mkia mrefu unaokwenda kulia. Kwenye barua ya mwisho hakuna hata "y" moja iliyosimama, zote zimelala upande wa pili. Umeandika kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia una nini?

Usinijibu "salama".

Mwanao


Tarehe 9 Aprili

Mwanangu,

Nilijua utaiona. Mama yako naye hakuwahi kudanganyika na mwandiko.

Ilikuwa tarehe 14 mwezi uliopita, baada ya chakula cha mchana. Ubao ulisema 352. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nimetoka kuuandika. Nikasikia sakafu inatoa sauti, si mlio wa kuvunjika, ni kama mtu mzito anavuta pumzi. Wabebaji wote wakasimama. Nikapiga kelele kwenye ngazi: tokeni, tokeni, tokeni! Wale wanawake wana akili, hawakuuliza kwa nini. Walitoka wote kumi na wawili, mmoja na redio kwapani. Fundi Toroli hakutoka. Alikuwa amelala chini ya toroli anagonga nyundo, hasikii kitu. Nikashuka, nikamshika miguu yote miwili nikamvuta kama gunia. Vumbi lilikuwa linamwagika tayari. Kipande cha dari kikaja, nikakinga kwa mkono. Kifundo kimevunjika mahali pawili. Fundi hana hata mkwaruzo, ila analalamika kwamba nilimchania suruali.

Sakafu haikuanguka. Ilipasuka, ikabonyea kiganja kimoja, ikabaki. Tulipohesabu kwa vidole tulikuta mizigo 447. Ubao ulikuwa umedanganywa tisini na mitano.

Sasa nikwambie ukweli ambao nimeubeba kuliko huo mkono. Si wewe uliyekosea. Lile 360 niliandika mimi. Nililipiga hesabu vizuri, tisa mara nne, halafu nikalizoea kama ukuta. Milango ilipoongezeka nilitoboa vijitabu vinane kwa mkono wangu, na namba ya juu sikuigusa. Nilipita chini yake kila siku. Sikukwambia kwa sababu ungeacha kazi ukaja, na kazi yako ilikuwa bado ina nafasi ya kuokolewa. Ndiyo maana nilikutaka uzidishe tu.

Chapuchapu naye amepata la kusema. Anasema vijitabu ndivyo vilivyoleta balaa, hesabu zote zifutwe, macho yanatosha. Nimemwambia mbele ya watu kwamba macho yake yalikuwepo siku ile na hayakuona mizigo tisini na mitano. Mhandisi amekuja, ameweka nguzo za chuma, na amefuta ile 400 ukutani. Ameandika 300.

Na wewe unaniambia turudi kwenye kufuli. Sirudi, na wewe usirudi. Nimelala kitandani wiki tatu na plasta, Fundi anakoroma, sina kazi ila kufikiri. Sikia.

Kosa letu ni kwamba tunauambia ubao baada ya kuingiza. Mzigo umeshakalia sakafu ndipo tunakwenda kusema. Tugeuze. Tuombe kwanza.

Nimekusanya vifuniko vya makopo ya gundi, Fundi akavikata kwa mkasi wa bati. Vibati mia tatu, kila kimoja na namba yake. Vinatundikwa ubaoni, ndani ya wavu, na kufuli lipo pale pale. Mlango ukitaka kufanya kazi unakuja mara moja, unachukua vibati kumi, unakwenda navyo. Kila mzigo unaoingia unafungwa kibati kimoja. Hauna kibati, hauingii. Mzigo ukitoka, kibati chake kinabaki mlangoni kikisubiri mzigo mwingine, na mlango ukiwa na zaidi ya ishirini mikononi, unarudisha kumi. Kufuli linafunguliwa mara moja kwa mizigo kumi, kwa hiyo foleni hakuna. Na hata Chapuchapu akifungua milango mia, vibati ni mia tatu tu. Havizaani.

Fundi akatafuta kasoro, ndiyo kazi yake. Akasema, "Profesa, mlango wa tano umelala na vibati tisa mfukoni, mlango wa kwanza unalia hauna hata kimoja. Sakafu ina nafasi na ubao unasema imejaa." Kweli kabisa. Basi tumeweka kengele. Ubao ukiwa mtupu na mtu anahitaji, inapigwa kengele, na kila mlango unarudisha vile usivyovitumia. Hakuna anayeingiza mkono mfukoni mwa mwenzake, hapo tungepigana. Kila mlango unajitoa wenyewe.

Soma hili kwa akili ya kazi yako, si kwa huruma. Mkono utapona.

Baba yako


Tarehe 18 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa na hasira nawe ambayo sijawahi kuwa nayo. Mara ya pili nililia. Mara ya tatu nilikuwa nimeshika kalamu.

Nami nina niliyoficha, tusamehane kwa pamoja. Mkataba wangu ni wa majaribio, unakwisha tarehe 30 mwezi huu. Nilipoiondoa ile kazi niliambiwa nisitegemee mwingine. Nilikuwa nimeanza kutafuta masanduku ya kufungia vitu. Sikutaka uongeze zamu kwa ajili yangu, na sasa najua ungeongeza kwa mkono mmoja.

Masanduku nimeyatupa. Nimeandika upya yote. Prosesa inaomba kurasa thelathini na mbili kwenye ubao kabla ya kuzitumia, inaziweka kando, inatumia zake bila kufuli. Ubao ukikosa, kengele inalia, na kila prosesa inarudisha akiba yake yenyewe. Kikomo hakivukwi, hata kwa ukurasa mmoja. Nimejaribu kwa makundi yale yale mia tatu. Yalikula mpaka kikomo yakasimama.

Nilimwendea Shangazi kabla hajaniita. Aliuliza, "Inaweza kudanganya kwa kiasi gani?" Nikasema, "Kuzidisha, sifuri. Kuficha nafasi iliyo wazi, kurasa elfu nne na tisini na sita, na kengele inazirudisha." Akavua miwani. Akasema, "Hiyo ndiyo namba."

Lakini hajapitisha. Amenipa swali ambalo limenilaza njaa. Kundi likiwa karibu kabisa na kikomo, likiomba thelathini na mbili linakosa, kengele inalia. Dakika moja tena linakosa, kengele inalia. Prosesa zote zinaacha kazi kila mara kurudisha vijisenti vya nafasi. Tumeua foleni tukazaa kelele. Nimebakiwa na siku kumi na mbili.

Kengele yenu ikilia kila wakati, mnafanyaje?

Kitinda mimba wako


Tarehe 24 Aprili

Mwanangu,

Nimelipia barua hii iende haraka, kwa hiyo naanza na jibu.

Ukikosa kumi, omba kimoja.

Ilitusumbua siku mbili. Kengele ilikuwa inalia mpaka wanawake wa chini, ambao wamerudi, wakaleta malalamiko kwamba hawasikii redio. Nikaenda kutazama. Nikakuta ubaoni kuna vibati sita vimetundikwa, na mlango wa tatu unapiga kengele kwa sababu unataka kumi. Nikamuuliza yule mbebaji, "Una mizigo mingapi mkononi?" Akasema, "Mmoja." Nikamwambia, "Sasa hivyo kumi unataka kuvaa?"

Tangu hapo ni hivi. Kuna kumi, chukua kumi. Hakuna kumi, chukua kile cha mzigo ulio nao mkononi, fanya kazi, nenda. Kengele hupigwa pale tu ambapo hata hicho kimoja hakipo. Karibu na kikomo tunakwenda polepole, foleni inarudi kidogo, na hapo foleni ina haki yake. Mbali na kikomo tunakimbia.

Haya, nenda kwa Shangazi.

Baba yako


Tarehe 30 Aprili

Baba,

Imepita.

Shangazi alisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye ile sehemu, "ukikosa fungu, omba unachohitaji tu, kisha ndipo kengele", alirudi nyuma akaisoma tena, akaniuliza nimeitoa wapi. Nikamwambia. Akafikiri nafanya mzaha. Nikamwonyesha barua.

Nimepewa mkataba wa miaka miwili.

Sasa kuna jambo la desturi. Kila mabadiliko yanayoingia kwenye kerneli yana mistari mwishoni: nani ameandika, nani amekagua, wazo limetoka kwa nani. Mistari hiyo haifutwi, itasomwa hata nikiwa mzee. Shangazi amekataa kusaini mpaka mstari wa wazo ujazwe. Nikuandikeje?

Kitinda mimba wako


Tarehe 11 Mei

Mwanangu,

Andika jina langu kama lilivyo kwenye kitambulisho, na mbele yake uandike mbeba vigae. Na jina la Fundi pia, maana la kengele lilianza kwake. Nimemwambia. Amesema sasa hashiki tena grisi. Alishika saa ile ile.

Plasta imetoka. Mkono ni mwembamba kama wa mtu mwingine, lakini ona, "y" imeanza kurudi.

Nikusimulie la juzi ndipo nilale. Lilikuja lori la mwisho saa tisa mchana. Vibati vyote mia tatu viko juu ya mizigo, ubao mtupu. Kengele ikapigwa, milango yote kumi na miwili ikajikung'uta, hakuna hata kimoja. Lori lilikuwa na mzigo mmoja. Mmoja tu. Chapuchapu akaja mbio. "Ingizeni, mzigo mmoja hauui mtu."

Mbebaji akamwambia, "Kibati, bosi."

Akaja kwangu. Nikamfungulia wavu atazame mwenyewe. Akaenda mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu, akiomba kibati kama mtu anayetafuta chenji. Kila mmoja anageuza mifuko yake nje. Alipofika mlango wa kumi na mbili watu walikuwa wamejisahau, wanacheka waziwazi. Hakuna aliyemkatalia, mama. Hakuna aliyebishana naye. Hakikuwepo, basi. Mzigo ule ulilala uani chini ya turubai, na ukaingia kesho yake kibati kimoja kilipopatikana.

Nilishuka chini. Wanawake wanafunga maboksi, redio inaimba, Fundi yuko chini ya toroli anagonga. Dari iko kimya.

Ndani ya bahasha nimeweka kitu, usikipoteze. Mhandisi alipotaka 300, Fundi alikuwa ameshachangamka na mkasi wake, akakata kimoja zaidi. Kina namba 301. Nilikitoa kabla hakijatundikwa. Kiweke mezani kwako, mahali ambapo kila mtu atakiona akija kukwambia "mmoja tu".

Baba yako